Umechemsha maji, dawa ya magugu bado imo

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kwamba dawa za kuua magugu hazitoki kwenye maji kwa kuchemsha. Aya moja! Barua zikamiminika, zingine za kuuliza, zingine za kunigombeza kwamba natisha watu. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake nyingine nyingi zilikuwa zinauliza hilohilo kwa maneno tofauti.

Bwana asifiwe ndugu mwandishi. Mimi ni mama, natoka Uvira, sasa tuko Iowa na watoto, mume wangu anatumika kiwanda cha nyama. Mji wetu ni mdogo, mahindi kila upande mpaka nyuma ya kanisa, na maji ya robine (bomba) yanatoka kwenye ziwa la kuchimbwa. Kila mwaka wanatutumia karatasi ya ripoti ya maji. Kijana wangu akanisomea: atrazine 2.5, kikomo 3, hakuna kosa. Mimi maji nachemsha kama tulivyozoea kambini. Jirani anasema kuchemsha ni kazi bure, na kwamba kuna dawa zingine hata hazimo kwenye karatasi. Ni kweli? Tuko salama ao hapana? (Mama wa Uvira, Iowa)

Asifiwe mama. Jirani yako kasema kweli kwa yote mawili, ila usiogope kabla hujamaliza kusoma.

Kule kambini ulikuwa sahihi kabisa kuchemsha, adui alikuwa kipindupindu, taifodi na amiba, na hao moto unawamaliza. Atrazini, yaani hiyo atrazine ya kwenye karatasi, ni dawa ya kuua magugu ya mahindi, si mdudu. Haifi kwa moto wala hairuki na mvuke, kwa hiyo maji yakipungua sufuriani dawa inabaki ileile ndani ya maji machache zaidi. Tena huko Iowa kuna na nitrati inayotokana na mbolea na samadi ya nguruwe, hiyo nayo ukichemsha unaikoleza. Si jambo la kufikirika, Juni 2025 wakazi wa eneo la Des Moines walikatazwa kumwagilia nyasi za uani kwa sababu nitrati kwenye mito ilipanda mpaka mitambo ya kuiondoa ikawa inahema. Kwa hiyo chupa ya mtoto mchanga, kama maji ni ya mjini na hamjatangaziwa yana wadudu, usiyachemshe muda mrefu ukidhani ndiyo unayasafisha zaidi.

Sasa hiyo 2.5. Hapo ndipo watu wengi wanapitwa, na si kosa lao, karatasi zenyewe zimeandikwa kwa namna ya kumchosha mtu. Kikomo cha Marekani ni mikrogramu 3 za atrazini kwa lita moja (mikrogramu ni gramu moja uliyoikata vipande milioni), ila hicho kikomo hakipimwi kwa siku moja, kinapimwa kwa wastani wa mwaka. Wakulima wa mahindi huko wanapiga dawa kuanzia Aprili mpaka Juni, mvua kubwa ya kwanza ikishuka juu ya shamba lililopigwa juzi inabeba dawa mpaka kijitoni, kijito kinaingia ziwani, na ziwa ndilo linalokuja kwenye robine yako. Baada ya hapo inashuka polepole. Tuchukue mfano, si takwimu za mji wako: robo ya kwanza ya mwaka wamepata 0.2, robo ya pili yenye Mei na Juni wamepata 9, robo ya tatu 0.5, ya nne 0.3. Jumlisha, unapata 10. Gawa kwa 4, ni 2.5. Kwenye karatasi panaandikwa hakuna kosa, na kisheria kweli hakuna, lakini mwanamke aliyekuwa na mimba mwezi wa Juni hakunywa wastani, alikunywa ile ya Juni.

Kwa hiyo mwambie kijana aiangalie tena hiyo karatasi. Pembeni ya 2.5 huwa kuna safu inayoonyesha kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa walichopata ndani ya mwaka. Hiyo ya juu ndiyo namba yako. Kama ni karibu na 3, basi maji yenu yanakaa pazuri mwaka mzima, kama imeruka mpaka 8 au 9, una sababu ya kupiga simu ofisi ya maji ya mji na kuuliza, mlipima mwezi gani, na mkiona imepanda mnaongeza kaboni (unga wa mkaa wa viwandani unaonasa dawa) au hamwongezi? Ni haki yako kuuliza hata kama Kiingereza ni cha kuungaunga, na wanatakiwa wakujibu.

Kuhusu dawa zisizokuwemo kwenye karatasi. Atrazini ina kikomo, 2,4-D ina kikomo cha 70, glaifoseti ina 700 (ndiyo, mia saba), alaklori ina 2. Lakini chukua metolaklori na asetoklori, hizi zinapigwa kwenye mahindi hayohayo, pengine siku hiyohiyo na tanki hilohilo, na hazina kikomo chochote cha serikali kuu kwenye maji ya kunywa. Si kwamba walisahau. Kati ya 2008 na 2010 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliagiza mitambo kadhaa ya maji izipime, pamoja na vitu vinavyozaliwa dawa hizo zikioza kwenye udongo, halafu Machi 2021 likaamua rasmi kwamba halitaziwekea kikomo, kwa hoja kwamba hazionekani mara nyingi wala kwa wingi wa kutisha kiafya. Huenda wana haki, ila tatizo langu ni dogo na la kawaida sana: kitu kisicho na kikomo mji haulazimiki kukipima kila mwaka, kisichopimwa hakiandikwi, na kisichoandikwa mama wa watu anakichukulia kwamba hakipo. Alafu kuna hao watoto wa dawa. Metolaklori ikiwa ardhini inabadilika kuwa kitu kingine kinachoteleza na maji kirahisi kuliko mzazi wake, ndiyo maana kwenye visima vya ukanda ule wa mahindi huyo mtoto anakutwa mara nyingi kuliko mzazi. Hata atrazini yenyewe, kikomo cha 3 kinahesabu mzazi peke yake. Shirika la Afya Duniani linahesabu mzazi na watoto wake wenye klorini kwa pamoja, ila limeweka mwongozo wa mikrogramu 100, na Ulaya wameweka 0.1 kwa dawa yoyote ile moja na 0.5 kwa zote ukijumlisha.

Najua utauliza sasa ukweli ni upi kati ya 0.1, 3 na 100. Ile ya Ulaya haikutokana na kupima nani anaugua kwa kiasi gani, ilitungwa 1980 kwa msimamo kwamba dawa ya shamba haina kazi kwenye maji ya kunywa, ikapewa namba ya chini kabisa ambayo mashine za wakati ule zingeweza kuiona. Ile ya 100 imetokana na hesabu za sumu kwa wanyama wa maabara. Ya Marekani iko katikati. Mimi binafsi nakubaliana na msimamo wa Ulaya, ingawa naelewa kwamba 0.2 si sumu ya kumlaza mtu hospitali. Maneno rasmi ya EPA ni kwamba anayekunywa maji yaliyozidi sana kikomo kwa miaka mingi anaweza kupata matatizo ya moyo na mishipa ya damu, au ya uzazi. Zingatia, yaliyozidi sana na kwa miaka mingi. Kwa hiyo hamjafa, mama, na watoto hawana sumu mwilini za kukimbizana kwa waganga.

Cha kufanya ni filta ya kaboni. Dukani utakuta majagi na filta za kufunga chini ya sinki, usisome maneno makubwa ya mbele, geuza boksi utafute alama ya viwango NSF/ANSI 53, kisha kwenye orodha ya vitu inavyoondoa litafute neno atrazine lenyewe. Ikiwa imeandikwa 42 tu, hiyo ni ya kuondoa ladha na harufu ya klorini, ni nzuri kwa chai lakini siyo tunayoizungumzia. Na kaboni inajaa. Ukipitisha miezi baada ya tarehe ya kubadilisha inakuwa pambo tu. Kama mko na bajeti ndogo, nunua filta mpya mwishoni mwa Aprili, ili miezi ile mibaya ikukute na kaboni mbichi. Nitrati kaboni haiiondoi, hiyo inataka mtambo wa utando unaosukuma maji kwa presha, wenye namba 58, bei yake imechangamka kidogo. Na ikiwa mtahamia nyumba ya shamba yenye kisima chake, hapo hata hiyo karatasi ya kila mwaka hamtapata, sheria ya maji ya umma haigusi kisima cha mtu binafsi.

Kaka, unatuambia Wamarekani nao wanakunywa dawa ya magugu? Hela zote zile? Si wangeipiga marufuku tu ikaisha. (Msomaji, Mwanza)

Hela zipo, ila fikiria zinatoka mfukoni mwa nani. Anayeuza dawa na anayeipiga hawalipi bili ya kaboni, anayelipa ni yule anayefungua bomba. Mji mdogo wa watu elfu mbili ukitaka kuondoa atrazini kila Mei lazima ununue unga wa kaboni kwa magunia, na wenyewe wanapandishiwa ankara. Hilo ndilo lililoleta kesi. 2004 mamlaka ndogo ya maji ya Holiday Shores kule Illinois ilikwenda mahakamani kudai gharama hizo, miji mingine ikafuata, na 2012 kampuni ya Syngenta ya Uswisi ikakubali kulipa dola milioni 105 zigawanywe kwa mifumo ya maji zaidi ya 1,000. Haikukiri kosa. Na dawa ikaendelea kuuzwa, mpaka leo inauzwa.

Ulaya walishaikataa tangu 2003, kwa sababu tu kwamba maji ya ardhini yalikuwa yanavuka ile 0.1. Marekani ubishi umekuwa mrefu, kuna profesa wa chuo kikuu cha Berkeley anaitwa Tyrone Hayes aliyetoa utafiti 2002 kwamba atrazini kidogo sana inavuruga jinsia ya vyura, kampuni ikapinga, EPA ikasema ushahidi hautoshi, ikawa vita ya miaka na miaka ambayo ukiisoma yote utasahau kupika.

Ila si kwamba hawafungi kabisa. Agosti 2024 EPA ilisimamisha kwa dharura dawa ya magugu inaitwa Dacthal, iliyokuwa inapigwa kwenye brokoli, kabichi na vitunguu, manake ilionekana inagusa homoni za tezi za mtoto akiwa tumboni. Walisema hatua ya namna ile haijachukuliwa karibu miaka 40. Dawa hiyo ilikuwepo sokoni tangu 1958, mabaki yake yanajulikana kwenye maji ya ardhini tangu zamani, na kwenye maji ya kunywa haikuwahi kuwekewa kikomo cha lazima. Ulaya ilishatoka 2009.

Shikamoo. Mimi ni mkulima wa mahindi huku Mbozi. Bomba langu la mgongoni nimekuwa nikilioshea kwenye kijito kinachopita chini ya shamba, wote tunafanya hivyo kwa kuwa ndiko maji yaliko. Sasa mwenyekiti wa maji wa kijiji anatufokea kwamba banio la maji ya bomba la kijiji liko chini yetu. Lakini mto ni mkubwa, dawa kidogo iliyobaki kwenye bomba si inapotea? (Mkulima, Songwe)

Marahaba. Mwenyekiti wenu yuko sawa na mngemsikiliza.

Chukua kifuniko cha chupa ya dawa ya mahindi, kile kidogo, kinaingia kama mililita 10. Ikiwa lebo inasema gramu 500 za atrazine kwa lita, kifuniko kina gramu 5. Gramu moja peke yake inatosha kufikisha lita 333,000 za maji kwenye kile kikomo cha Marekani cha mikrogramu 3. Kifuniko kizima ni zaidi ya lita milioni moja na nusu. Hayo ni maboza ya lita 10,000 zaidi ya 160, kwa kifuniko! Ukitumia kipimo cha Ulaya kifuniko hichohicho kinaharibu lita milioni 50. Sasa wewe unasuuza, jirani anasuuza, na mwingine kachanganyia palepale ukingoni akamwaga nusu kikombe kwa bahati mbaya. Tafiti za Ulaya zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya dawa inayokutwa kwenye vijito haitoki katikati ya shamba, inatoka pale watu wanapochanganyia na kuoshea.

Habari njema ni kwamba hapo ndipo pepesi kurekebisha kuliko pote. Beba maji kwa ndoo mpaka juu shambani, changanyia huko. Ukimaliza tia maji kidogo kwenye bomba, tikisa, piga kwenye mahindi yaleyale au kwenye ukingo wa shamba, rudia mara tatu, hapo bomba limeoshwa na dawa imeenda ilikotakiwa iende. Chupa nayo isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamwage kwenye bomba kabla ya kupiga, kisha itoboe kabisa isije ikawa ya mafuta ya taa au, Mungu apishe mbali, ya maziwa. Angalia mbingu, ukiona mawingu yamejikunja usipige leo, mvua ya saa mbili baadaye inakuibia hela na inampelekea mwenyekiti wako. Na hizo mita 60 kutoka mtoni zinazosemwa na sheria ya mazingira ya 2004 na ya rasilimali za maji ya 2009 najua wengi mnalima ndani yake, sitaki kuwachongea, ila walau ukanda wa majani marefu uachwe pale kati ya mahindi na maji, hata majani yenyewe yanapunguza kasi.

Jambo lingine, chupa nyingi za dawa ya mahindi zina vitu viwili, atrazine na S-metolachlor. Majina ya mbele yanabadilika kila msimu, soma maandishi madogo. Ukikuta chupa haina lebo ya Kiswahili wala namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), mrudishie mwenye duka la pembejeo.

Niko Kitale, kijana mmoja alikuja na filta na kale kakalamu ka kupima maji, akakachovya kwa maji yetu kakasoma 180, akachovya kwa maji ya filta yake kakasoma 12. Akasema hiyo 180 ni chemicals za shamba. Ninunue? (Baba wa Kitale)

Usimpe hata shilingi kwa sababu hiyo. Kale kakalamu kanapima chumvi zote zilizoyeyuka, nyingi ni kalisi na magnesi za kawaida za mwamba, na kanapima kwa miligramu. Atrazini tunaiongelea kwa mikrogramu, yaani mara elfu chini ya hapo, na haipitishi umeme ambao kakalamu ndio kanausoma. Maji yanayosoma 12 yanaweza kuwa na dawa, na yanayosoma 400 yasiwe nayo kabisa. Filta yenyewe pengine ni nzuri, sijui, lakini ushahidi aliokuonyesha ni wa kiini macho.

Kipimo cha kweli kinafanyika maabara yenye mashine kubwa, sampuli inachukuliwa kwa chupa ya kioo cheusi, inawekwa kwenye barafu na kufikishwa haraka, na ni ghali kwa mtu mmoja. Vipimo vya kila siku vya kampuni ya maji huwa ni klorini, tope na vijidudu vya kinyesi. Nyinyi wapangaji na wenye nyumba jikusanyeni mwandikie kampuni yenu barua moja, nakala kwa WASREB wanaosimamia kampuni za maji, muulize maswali mawili tu: mara ya mwisho kupima dawa za magugu ilikuwa lini, na je ilikuwa baada ya mvua kubwa za kwanza baada ya kupanda? Kwenu mnapanda Machi na Aprili. Sampuli ya Desemba itatoka safi na haitakwambia kitu.

Shangazi yangu wa Njombe anatia mkaa wa jikoni kwenye mtungi na anasema unatoa sumu zote. Wengine wanatumia mbegu za mlonge. Na vipi zile tembe za klorini? (Binti, Makambako)

Mlonge unashusha tope, unafanya kazi hiyo vizuri kweli, dawa hauigusi. Tembe za klorini zinaua vijidudu, kwa atrazini ni sawa na hujaweka kitu. Kuanika chupa juani hivyohivyo. Mkaa wa shangazi uko karibu kuliko hivyo vingine, manake kaboni ndiyo inayonasa dawa hizi, ila ule wa viwandani umechomwa kwa namna ya kuufanya uwe na vitundu visivyohesabika na ndivyo vinavyonasa. Wa jikoni vitundu vyake ni vichache, vimejaa majivu, vipande vinaelea juu na maji yamekaa chini bila kupita ndani yake, na hakuna anayejua umejaa lini. Asiutupe kama anapenda ladha, ila aubadilishe kila wiki usije ukaota ukungu, na maji ya kunywa yachemshwe bado kwa ajili ya wadudu. Kwa dawa, kama hapo jirani kuna kisima au chemchemi iliyo juu ya mashamba, miezi ya kupiga dawa achote ya huko.